Pacha wa Saa Nne

Mwaka jana nilifuta mkutano mmoja kwenye simu, na kazi ya miezi mitatu ikaenda nao.

Mambo yalikuwa hivi. Nina akaunti mbili, moja ya kazi na moja yangu binafsi, na zote zinaonekana kwenye kalenda moja ya simu. Mteja alinitumia mwaliko: Alhamisi, saa nne asubuhi, mkahawa fulani hapo tao. Mwaliko ukaingia kwenye akaunti ya kazi. Mimi na uoga wangu wa kusahau, nikapakua faili lake nikaliingiza na kwenye ile akaunti nyingine. Tangu siku hiyo nikifungua kalenda naona pacha: jina moja, siku moja, saa moja, rangi mbili. Jumanne usiku, nikisafisha simu, nikafuta mmoja. Si wako sawa tu?

Kumbe hawakuwa sawa. Niliyemfuta ndiye aliyekuwa ameunganishwa na mteja, na programu ikamtumia ujumbe kwamba sitakuja. Aliyebaki alikuwa nakala tu. Hakujua lolote. Alhamisi saa tatu na nusu akalia kama kawaida, nikatoka mbio.

Baadaye nilitaka kujua kwa nini mashine yenye akili zote hizo inashindwa kuona kwamba vitu viwili ni kimoja. Nikagundua kwamba shida hii ilikuwako kabla ya kompyuta.

Mwaka wa 1582 Papa Gregory XIII alirekebisha kalenda. Nchi zilizomfuata mara moja, Uhispania ikiwa mojawapo, zililala Alhamisi tarehe 4 Oktoba zikaamka Ijumaa tarehe 15. Uingereza ilikataa, ikabaki na kalenda ya kale hadi 1752. Kwa miaka 170 hivi, barua ikivuka bahari kutoka London kwenda Madrid ilikuwa inavuka pia siku kumi au zaidi. Shakespeare alikufa tarehe 23 Aprili 1616. Cervantes alizikwa Madrid tarehe 23 Aprili 1616. UNESCO iliichagua tarehe hiyo kuwa Siku ya Vitabu Duniani, lakini kati ya kifo kile na mazishi yale kuna siku kumi, maana kila nchi ilihesabu kivyake. Tarehe moja, matukio mawili.

Urusi ilichelewa zaidi, ikabadilisha kalenda 1918. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba, yaliyotokea tarehe 25 Oktoba 1917 kwa hesabu yao, yalikuwa yakisherehekewa tarehe 7 Novemba. Tukio moja, tarehe mbili.

Na sisi je? Kuna waliokua wakiita tarehe 10 Oktoba Sikukuu ya Moi. Baadaye ikawa Siku ya Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Siku moja, majina matatu. Kwa hivyo huwezi kulitambua tukio kwa tarehe peke yake, wala kwa jina peke yake.

Watu wa kompyuta walikutana na jambo hili miaka ya tisini. Kifaa cha mkononi kinachoitwa Pilot kilitoka 1996. Ulikiweka kwenye kitako chake, ukabonyeza kitufe kimoja, kikabadilishana rekodi na kompyuta yako. Vifaa viwili, njia moja, hakuna fujo kubwa. Lakini kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kuandika tukio, na watu walianza kutaka kalenda zao zizungumze na za wengine. Apple, AT&T, IBM na Siemens walikuwa wameunda kundi lililotoa mpango wa kwanza, vCalendar. Halafu Novemba 1998 Frank Dawson wa Lotus na Derik Stenerson wa Microsoft wakachapisha kanuni ya iCalendar. Lile faili la ics unalopokea leo linatokana na kanuni hiyo.

Ndani yake kuna mstari mmoja mfupi unaoitwa UID. Ni kitambulisho cha tukio, na hakitakiwi kufanana na cha tukio lingine popote duniani. Badilisha jina, sogeza saa, hamisha mahali. Kitambulisho kinabaki kilekile.

Fikiria msimbo wa M-Pesa. Ukimwonyesha mama mboga ujumbe uleule mara mbili, hawezi kukuhesabia malipo mawili, kwa sababu msimbo ni mmoja. Ukimlipa shilingi mia leo na mia nyingine kesho, misimbo ni miwili, hata kama kiasi ni sawa. Haangalii kiasi, anaangalia msimbo. Na hapa historia ina utani wake: M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na mwezi uleule ikachapishwa CalDAV, kanuni inayowezesha simu na seva kuweka kalenda moja kwa pamoja.

Basi pacha wanatoka wapi bado? Wanatoka pale kitambulisho kinapopotea njiani. Programu nyingine, ukiingiza faili, zinalipa tukio kitambulisho kipya. Ukihamisha kalenda kwa jedwali la CSV, mara nyingi kitambulisho hakisafiri kabisa. Wakati mwingine kitambulisho ni kilekile, lakini kila akaunti inatunza nakala yake bila kuiuliza nyingine, na simu inakuonyesha zote mbili. Hiyo ya mwisho ndiyo inayompata mtu akiunganisha akaunti zake kwa njia mbili.

Siku hizi nikiona pacha sifuti kwanza. Namfungua kila mmoja. Mwenye jina la aliyealika na orodha ya walioalikwa ndiye mwenyewe, huyo simgusi. Halafu natafuta njia iliyoleta nakala na kuifunga, maana ukifuta nakala na njia iko wazi, kesho atarudi. Nakala namfuta mwisho.

Ile Alhamisi nilikaa pale mkahawani hadi saa tano na robo. Nilipompigia mteja, alishangaa kwa upole. "Lakini si ulikataa?" Kazi alikuwa ameshampa mtu mwingine. Nikamwambia sikukataa, niko hapa nimekaa. Yeye alikuwa na ujumbe wenye jina langu. Mimi nilikuwa na risiti ya chai.