Mivumo ya Moyo na Kasoro za Kuzaliwa Nazo

Kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo huweza kujificha hadi ukubwani, mtu akalima, akacheza mpira na hata kuzaa bila kujua kwamba anayo. Kwa muda mrefu njia kuu ya kuigundua ilikuwa sikio la daktari. Sikio hilo lilipata chombo mwaka 1816, pale René Laennec wa hospitali ya Necker, Paris, alipokunja karatasi ikawa bomba ili ausikilize moyo wa mwanamke kijana.

Kusikia ni jambo moja. Kujua sauti inasababishwa na nini ni jingine. Mwaka 1879 Henri Roger, naye wa Paris, alieleza mvumo mkali wa tundu dogo baina ya vyumba viwili vya chini, kwa watu wasio na dalili nyingine yoyote. Shinikizo la upande wa kushoto ni kubwa, hivyo damu hupenya tunduni kwa kasi na kuvuma. Mwaka 1897 Victor Eisenmenger wa Vienna alieleza habari za mwanamume wa miaka 32 aliyekuwa na tundu kubwa mahali hapohapo. Katika hali hiyo mishipa ya mapafu huwa migumu, shinikizo la pande mbili hulingana, mvumo hufifia, na mgonjwa hugeuka rangi ya buluu midomoni. Ukali wa mvumo, basi, si lazima ulingane na ukali wa ugonjwa.

George Gibson wa Edinburgh, mwaka 1900, alieleza mvumo usiokatika wa mshipa unaounganisha aota na ateri ya mapafu, ambao kwa kawaida hujifunga baada ya mtoto kuzaliwa. Hakuwa na tiba ya kumpa mgonjwa. Tiba ilikuja mwaka 1938, Robert Gross wa Boston alipoufunga mshipa huo kwa msichana wa miaka 7. Tangu hapo kusikia mapema kulikuwa na faida kubwa.

Tundu baina ya vyumba vya juu ndilo linalowapita wengi, kwa kuwa damu hulipitia kimyakimya. Dalili yake imo katika sauti ya pili ya moyo. Kwa mtu mzima wa afya, sauti hiyo hugawanyika sehemu mbili anapovuta pumzi na kuungana anapoitoa. Kwa mwenye tundu, mwanya baina ya sehemu hizo mbili haubadiliki. Katika miaka ya 1950 Aubrey Leatham wa London aliupima mwanya huo kwa mitambo iliyochora sauti za moyo kwenye karatasi. Wakati huohuo, mwaka 1953, Inge Edler na Hellmuth Hertz wa Lund, Sweden, walianza kuuchunguza moyo kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, na ndicho kipimo kinachothibitisha leo kile ambacho sikio limekishuku.