Kuloba samaki bila kuona: namna ya kumsaidia mwenye shida ya macho ajitegemee kandokando ya maji

Kandokando ya ziwa Kivu, ziwa Tanganyika, ziwa Edward na mito mingi ya mashariki mwa Kongo, kuloba samaki si kazi ya tumbo tu. Njo fasi watu wanapeana habari, vijana wanajifunza uvumilivu, na muzee anapata heshima anaporudi nyumbani na samaki wawili watatu wa kutia mu sufuria. Macho ya mtu yakianza kuzimika, mara nyingi hicho ndicho kitu cha kwanza anachonyang'anywa. Hakuna anayemkataza kwa ubaya. Jamaa inaogopa maji, inamwambia: « Papa, bakia tu nyumbani, tutakuletea. » Miezi inapita, na mtu aliyejua kila jiwe la ufuko anabaki kukaa mlangoni, akingojea kuletewa.

Kumbe kuloba kunatumia mikono na masikio kuliko vile watu wanawaza. Hata walobaji wa sambaza wenye macho mazima, wanaofanya kazi butu, wanasikia uzito wa wavu kwa mikono kabla ya kuona samaki. Mtu asiyeona anaweza kuloba mwenyewe, mradi fasi ichaguliwe vizuri, vifaa vipangwe, na msaidizi ajue wakati wa kusaidia na wakati wa kunyamaza.

Kwanza, munganga wa macho

Kabla ya yote, ni muhimu kujua macho yana shida gani. Mtoto wa jicho, ile hali ya jicho kufunikwa na weupe, inapasuliwa, na wengi wanaona tena kisha operesheni. Presha ya macho haiponi, lakini dawa inaweza kuzuia isiendelee kuharibu. Upofu wa mtoni unaletwa na vijidudu ambavyo inzi mdogo mweusi anavipitisha anapouma watu. Inzi huyo anazaliana fasi maji ya mto yanaenda mbio. Dawa ya Mectizan inayogawiwa ndani ya vijiji inapunguza vijidudu hivyo, lakini hairudishi macho yaliyokwisha kuharibika. Njo maana mtu anayeanza kuona ukungu asikubali kuambiwa tu « ni uzee ». Aende lopitali.

Watu wenye shida ya macho si wote sawa. Kuna asiyeona kabisa, kuna anayeona mwangaza na kivuli, kuna anayeona katikati tu kama anachungulia ndani ya bomba. Yule ambaye bado anaona kidogo atasaidiwa na rangi zenye kutofautiana: beseni jeupe, vifaa vyeusi ndani yake, kitambaa chekundu ku ncha ya mwanzi. Kofia yenye ukingo inampunguzia jua linalorudishwa na maji.

Kuchagua fasi

Fasi nzuri ya kuanzia ni bwawa la samaki. Ndani ya vijiji vingi vya Kivu watu wanafuga tilapia ndani ya mabwawa ya udongo. Pale hakuna mawimbi, ukingo unajulikana, na samaki wako karibu. Waombe ruhusa kwa mwenye bwawa, wakubaliane bei ya samaki watakaotoka. Mtu akishazoea, ahamie ku ufuko wa ziwa.

Ku ziwa, kuna mambo ya kuchunguza mbele ya kumpeleka:

Kina. Fasi nyingi za ziwa Kivu, ukingo unashuka kwa gafla. Hatua mbili tu toka ku jiwe, maji yanaweza kupita kichwa. Atafutiwe fasi tambarare, yenye jiwe kubwa au mti wa kushikia.

Mazuku. Upande wa Goma na Sake, kuna mabonde madogo ambamo gesi ya kaboni inatoka ndani ya udongo na kujikusanya chini, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haionekani, haina harufu, na inaua watu na nyama. Mwenye kuona anaonywa na majani yaliyokauka au wadudu waliokufa. Asiyeona hana onyo hilo, na mulobaji anayekaa chini au kuinama yuko karibu zaidi na gesi. Hatari inazidi butu na asubui mapema, kama upepo haujavuma. Kwa hiyo hapana kumpeleka ndani ya shimo au bonde pasipo kuuliza wakaaji wa pale. Akisikia kizunguzungu au pumzi fupi, apande juu mara moja. Na mtu akianguka ndani ya mazuku, msaidizi asimfuate chini bila kuwaza: wengi wamekufa wakitaka kuokoa wenzao.

Mamba na kiboko. Ku ziwa Tanganyika na ziwa Edward wako. Walobaji wa pale wanajua fasi wanazopenda kutokea. Waulizwe.

Maji kupanda. Toka mwaka 2020, ziwa Tanganyika lilipanda na kufunika nyumba na barabara fulani za Uvira na Kalemie. Ufuko ambao muzee aliukariri miaka ya nyuma unaweza kuwa umebadilika kabisa. Hata kama anasema « najua fasi ile », autembee upya.

Usalama. Fasi penye waaskari au zamu ya butu, viongozi wa ufuko wajulishwe mbele. Asiyeona hawezi kuona mkono unaomwambia asimame. Fimbo nyeupe inasaidia watu wamtambue, lakini si wote wanajua maana yake. Waulize pia service ya uvuvi kama kuloba kumefunguliwa, kwa kuwa kuna vipindi ambavyo kunafungwa ili samaki wazae.

Kujifunza ufuko kwa miguu

Siku ya kwanza isiwe ya kuloba. Iwe ya kutembea tu. Msaidizi anampa kiwiko, hamkokoti kwa mkono wala kumsukuma kwa mgongo. Yule asiyeona anashika kiwiko, anafuata nusu hatua nyuma, na mwili wa msaidizi unamwambia kama kuna kupanda au kushuka. Wanahesabu hatua toka njiani mpaka ku jiwe la kukalia. Wanarudia mara tano, sita, mpaka mwenyewe anaongoza.

Kisha wanafunga kamba toka ku mti wa njiani mpaka fasi ya kuketi, kwa urefu wa kiuno. Hatua mbili mbele ya maji, kamba iwe na fundo kubwa. Mkono ukigusa fundo, mguu unasimama. Fundo hilo moja linamwezesha kwenda na kurudi bila kuita mtu.

Maneno nayo yapangwe. Ndani ya nchi zingine wanafundisha kuelekeza kwa namba za saa: mbele ni kumi na mbili, kuume ni tatu. Kwetu namna hiyo inaweza kuleta vurugu, kwa kuwa mmoja anahesabu saa kwa kifaransa, mwingine kwa kiswahili. Ni vyema kusema tu kuume, kushoto, mbele, na hatua ngapi. « Papa, jiwe iko kuume, hatua mbili » inasaidia. « Iko pale! » haisaidii kitu.

Vifaa

Kwa kuanza, mwanzi unatosha: mwanzi wa metre tatu hivi, na kamba ya nailoni iliyofungwa ku ncha, isiyozidi urefu wa mwanzi wenyewe. Sababu ni hii: mulobaji akisimamisha mwanzi, ndoano inarudi yenyewe mbele ya kifua chake, na mkono unaifikia kwa kufuata kamba toka juu. Kamba ikiwa ndefu kuliko mwanzi, ndoano itapotea ndani ya majani au ndani ya nguo ya jirani.

Ku kamba, wafunge vifundo vidogo vya uzi kila nusu metre. Kwa vidole anahesabu na kujua kina. Ku ncha ya mwanzi wanaweza kufunga kengele ndogo, kama ile ya mbuzi. Samaki akivuta, inalia.

Ndoano ndiyo hatari kubwa ya mikono. Ule mwiba mdogo wa nyuma unaozuia ndoano kutoka, ubanwe kwa koleo mpaka ulale. Samaki wachache watakimbia, lakini ndoano ikiingia ku kidole itatoka bila kupasua nyama. Ndoano za akiba zichomekwe ndani ya kipande cha kambambili ya zamani, moja moja, zikiwa mu mstari.

Vyote vikae ndani ya beseni moja, kila kitu na upande wake: chambo kushoto, kisu na koleo kuume, ndoano katikati. Sheria ya beseni ni moja tu: hakuna anayehamisha kitu bila kusema. Mtoto akichukua kisu na kukirudisha upande mwingine, amemnyang'anya muzee macho mara ya pili.

Kutupa, kusikia, kutoa

Kabla ya kutupa, anauliza kwa sauti: « Kuko mutu? » Anangoja jibu. Kisha anashika ndoano kwa mkono mmoja, mwanzi kwa mwingine, anaachilia ndoano iende mbele polepole kwa chini, kama mtoto anayesukumwa ku bembea. Hapana kutupa kwa kupitisha juu ya kichwa.

Kamba ikishazama, anaikaza kidogo na kuiweka juu ya kidole cha shahada. Hapo kidole kinafanya kazi ya jicho. Wimbi linavuta na kuachilia kwa kipimo kimoja. Tilapia anagusagusa kidogokidogo. Kambare anavuta kwa uzito na kwenda. Siku za kwanza atainua mwanzi bure mara nyingi. Ni hivyo kwa kila mwanafunzi, mwenye macho au asiye nayo.

Samaki akitoka, anamkamata kwa kitambaa kilicholoa. Tilapia ana miiba ya mgongo: mkono uanzie kichwani na kuteremka kuelekea mkia, miiba inalala. Kambare ana miiba miwili mikali kandokando ya kichwa: vidole vikae nyuma ya miiba hiyo. Ku mwanzi wakate alama kwa kisu, ili apime urefu wa samaki kwa kugusa na kurudisha wadogo ndani ya maji.

Ku mtumbwi

Mtumbwi ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Jile ya kuokoa ivaliwe toka ku ufuko, si kutiwa chini ya kiti. Aingie akiwa ameinama, akishika kando mbili, na kila mtu ajue fasi yake. Anayebadilisha fasi aseme mbele ya kusimama. Kama upepo wa Tanganyika unaanza kuvuma kwa nguvu, hasa ule wa kusini wa miezi ya kiangazi, warudi. Mtumbwi usiendeshwe na asiyeona akiwa peke yake.

Msaidizi ajue kurudi nyuma

Kosa kubwa la wasaidizi ni upendo wa kupita kipimo. Wanatia chambo, wanatupa, wanavuta, kisha wanamwambia « umeloba! » Huyo hakuloba. Amekaa tu karibu na mtu anayeloba. Msaidizi mzuri siku ya kwanza anakaa ubavuni, wiki ya pili anakaa hatua kumi nyuma, mwezi wa pili anabaki fasi anaweza kusikia sauti akiitwa. Kujitegemea si kuwa peke yako ku maji. Hata walobaji wenye macho hawapendi kwenda peke yao.

Akiuza samaki, ashike makuta yake mwenyewe. Kila noti ikunjwe namna yake: ya elfu moja mara moja, ya elfu tano mara mbili, ya elfu kumi kwa urefu. Atajua alichopewa na atakachorudisha, kisha mmoja wa nyumbani amesoma noti na kuzikunja pamoja naye.

Sheria nayo iko upande wake. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua za pekee. Kongo iliingia ndani ya Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki zao mwaka 2015, na kifungu cha 30 cha Mapatano hayo kinataja mapumziko, michezo na maisha ya utamaduni. Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda na kuendeleza haki hizo ndani ya nchi.

Lakini mbele ya sheria kuna nyumba. Kamba moja yenye fundo, mwanzi, kengele na kijana mwenye uvumilivu vinaweza kumtoa muzee mlangoni na kumrudisha ku ufuko. Na jioni, yeye ndiye atakayeita toka njiani: « Mama, weka maji ku moto. »