Hakimu wa Ngoma za Wasukuma

Atokaye Igoma kwa njia ya Musoma hufika Kisesa, na jirani ndipo Bujora, ambako Padre David Clement wa Kanada aliasisi makumbusho. Huko, mwezi wa Juni, sikukuu ya Bulabo hukutanisha Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyotokana na waganga Ngika na Gumha wa karne ya 19. Pande mbili hucheza wakati mmoja, kila mmoja uwanjani pake. Mshindi ni mwenye watazamaji wengi. Katika dansi la mjini mtu hulipa mlangoni, hata akichoshwa. Hapa hulipa kwa miguu, naye aweza kuhama. Ndiyo maana ningi, yaani manju, hawezi kuegemea sifa ya jana: hana budi kutunga upya.