Nani anashika kipimo? Historia fupi ya meza yetu ya soko Uvira



Mkutano mkuu unakaribia, na swali moja limeshaanza kuzunguka toka Kavimvira mpaka Makobola: meza yetu ya soko, tuendelee nayo ao tuifunge? Wote tunaijua. Mbao chache, turubai juu, mizani moja, besani za mchele na za unga. Hapo wanachama wanauzisha wenyewe mpunga wao, mihogo, mboga na mafuta ya mawese, bila kupitia kwa komisionere. Kuna wanaosema inatukulia muda bure. Kuna wanaosema bila hiyo wangekuwa bado wanalimia deni la mtu. Sisi tunaozunguka vijijini kila juma tumesikia pande zote mbili. Kabla ya kupiga kura, tumeona vizuri tukumbushane tumetoka wapi, maana hili jambo la nani anauzisha na nani anapima halikuanza na sisi.

Wakati wa shanga

Wazee wetu walikuwa na soko mbele mtu yeyote hajaandika habari zake. Mvuvi wa ziwani alikuwa na samaki, mtu wa milimani alikuwa na mtama na maharagi, wakakutana. Hesabu ilikuwa ya macho: fungu hili kwa fungu lile, na kila mmoja aliona mali ya mwenzake.

Tarehe 26 Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa wanatafuta kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani ao unaingia. Watoto wa mwami Maruta waliwaambia wazi: unaingia. Ilibidi kungoja mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika kwenye mdomo wa mto, ndipo Ulaya ikaanza kukubali jambo ambalo mtoto wa hapa alilijua tangu kuzaliwa.

Lakini Burton aliandika na neno lingine linalotuhusu leo. Alisema Uvira ilikuwa depo kubwa ya kaskazini ya biashara ya ziwa: nafaka, vyombo vya chuma, nguo za magome ya miti, pembe za ndovu, na watu waliouzwa utumwani. Wafanyabiashara wa pwani walipapenda hapa juu bei ilikuwa rahisi.

Rahisi kwa nani? Ng'ambo, katika soko la Ujiji, malipo yalikuwa shanga. Aina moja iliitwa sofi. Shanga hazikuzaliwa ziwani. Zilitoka Ulaya, zikapita pwani, zikabebwa kichwani miezi mingi. Mwenye msafara ndiye aliyejua mafungu mangapi yapo njiani na bei ya pembe Zanzibar ni ngapi. Mkulima alijua mtama wake tu. Hapo ndipo kipimo kilianza kutoka mkononi mwake.

Wakati wa pamba

Wabeleji walipokuja, kipimo kiliondoka kabisa. Sheria ya 1917 ilileta kilimo cha lazima katika Kongo nzima, na amri ya 1921 ikagawa nchi ya pamba kwa makampuni: kila kampuni na eneo lake, na mkulima wa eneo hilo hakuwa na ruhusa ya kuuzia mwingine. Bonde letu la Ruzizi nalo lilipandwa pamba. Mkulima alibeba mzigo mpaka mahali pa kununulia, akapimiwa kwenye mizani asiyoweza kuisoma, akaambiwa bei iliyokatwa zamani ofisini. Aliyekataa kulima alijua njia ya gereza, na alijua fimbo.

Ukikaa na wazee wa bonde, utasikia kwamba mpaka leo kuna watu hawaamini mizani. Sisi vijana wenye diploma tulifikiri ni ujinga. Si ujinga hata kidogo. Mizani iliingia katika nchi hii ikiwa mkononi mwa mtu mwenye fimbo, na mtoto aliyeona baba yake akipimiwa hivyo alikua na kumbukumbu hiyo.

Wakati wa feza inayokufa

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Mwaka 1964, mwezi wa tano, Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi wa Simba, na familia nyingi zikavuka kwenda Burundi na Kigoma. Kwa nyumba nyingi za kwetu, hiyo ndiyo safari ya kwanza ya kukimbia na kurudi. Tuliotoka kambini miaka ya karibuni tusifikiri kwamba sisi ndio wa kwanza.

Kisha ikaja Zaire. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ilitangaza kwamba maduka na mashamba makubwa ya wageni yapewe wazalendo. Mengi yalikufa, na pamoja nayo njia za kununua na kusafirisha mazao. Desemba 1979 noti kubwa zilifutwa, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa siku chache tu. Mtu wa mjini alikimbilia benki. Mama wa kijijini aliyefungia makuta yake ndani ya kitenge, benki angeipata wapi? Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka: moja kwa zaire mpya 100,000.

Hapo mama zetu walijifunza hekima yao. Feza inaweza kufa usiku mmoja, lakini kopo la mchele linabaki kopo la mchele. Katika Kivu kopo la maziwa la Guigoz likawa kipimo cha soko. Halina ofisi wala muhuri, kila mtu analo nyumbani, na mnunuzi anaweza kusema "niongezeye kidogo" na muuzaji akaongeza. Hiki kilikuwa kipimo cha watu wenyewe.

Lakini kopo nalo linajua kudanganya. Ukiligonga chini kwa nyundo, tumbo linatoka nje na linabeba zaidi. Mnunuzi mkubwa anakuja shambani na kopo lenye tumbo; akifika sokoni anauzisha kwa kopo lililobonyezwa ndani. Tofauti ya hayo makopo mawili ni jasho la mtu.

Vita, kambi, na kilometa 4

Oktoba 1996 vita ilifika Uvira. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama, na pamoja nacho mishahara iliyokuwa inanunua mboga na samaki wa vijiji vya karibu. Agosti 1998 vita ya pili. Tarehe 30 Desemba mwaka huo mauaji ya Makobola yalianza. Wengi wenu mnaosoma hapa mna majina ya watu wenu katika hiyo siku, na hatuna haja ya kueleza.

Waliovuka ziwa walifika Kigoma, wakapelekwa Lugufu na Nyarugusu. Sheria ya Tanzania haikuruhusu mkimbizi kwenda mbali zaidi ya kilometa 4 toka kambini bila kibali. Mkulima akawa mtu wa posho: unga wa mahindi, maharagi, mafuta, chumvi. Lakini soko lilizaliwa hata ndani ya fensi. Mama aliuzisha sehemu ya unga ili apate dagaa na sombe, juu mtoto hawezi kula unga mtupu kila siku.

Soko la kambi lilikuwa na taabu zake, lakini lilitufundisha mambo mawili. La kwanza, kikundi: mama watano wakiweka mzigo pamoja, mchuuzi wa nje hawezi kuwapangia bei mmoja mmoja. La pili, daftari: nani ameleta nini, ametoa nini, amebakiza nini. Na wale waliofika masoko ya Watanzania waliona wenzetu wa kule wanapigana na ugonjwa uleule. Wao wanauita lumbesa: gunia linaloshonewa kichwa juu ili libebe zaidi, kwa bei ileile ya gunia moja.

Kurudi na deni

Oktoba 2005 meli za kurudisha wakimbizi zilianza kutoka Kigoma kuja Baraka. Lugufu ikafungwa 2009. Watu walirudi na mabati, majembe, na mtoto aliyezaliwa kambini asiyejua shamba la babu yake liko wapi.

Shamba lilikuwa pori, ao lilikuwa na mtu mwingine. Aliyepata pa kulima hakuwa na mbegu. Hapo ndipo komisionere aliingia. Anakuja wakati wa kupanda, anatoa makuta, na bei ya gunia inakatwa siku hiyo, mpunga ungali kijani. Ukivuna, gunia si lako. Bei ikipanda sokoni Uvira, wewe unaiangalia kwa macho. Sofi, pamba, mpunga wa kijani: majina matatu, lakini mwenye kipimo ni yuleyule, yule mwenye makuta mbele ya mavuno.

Tuseme ukweli wote lakini. Komisionere si shetani. Ana njia ya kupata gari wakati barabara ya Sange na Luvungi imeharibika. Anabeba hatari ya mzigo kuozea njiani. Na mtoto akishikwa na malaria saa nane ya usiku, ni yeye anafungua mlango na kutoa feza ya hospitali. Sisi na miradi yetu tunafungua ofisi asubuhi. Mtu asiyeelewa hivyo hawezi kuelewa kwa nini wanachama wanarudi kwake.

Meza

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua ilishuka toka milimani na mto Mulongwe ukaingia mjini. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, madaraja yalivunjika. Wanachama wengi walipoteza akiba ya mwaka mzima katika usiku mmoja, na waliobaki na mzigo walipewa bei ya aibu juu kila mtu alijua wana haraka. Katika kikao kilichofuata mama mmoja alisimama akasema: "Kama ni kuuzisha kwa hasara, basi niuzishe mwenyewe, nione hasara kwa macho yangu." Meza ilizaliwa hapo.

Tulifanya makosa, na mengi yalikuwa yetu sisi wa mradi. Tulileta nyanya nyingi siku moja, zikaoza chini ya turubai. Tuliweka mizani tukafikiri watu watafurahi, wanunuzi wakapita pembeni wakisema "hiyo kilo yenu ni ya wizi." Tulikuwa tumesahau pamba. Ni mama wenyewe walioleta dawa: waliweka kopo la kawaida karibu na mizani, mnunuzi akapimiwa kwa kopo kisha akamwagiwa kwenye mizani aone. Baada ya majuma machache watu walianza kuja na mchele walionunua kwingine, kuupima kwetu. Ushuru nao ulitusumbua: kuna siku tulilipishwa zaidi ya mara moja. Leo kila risiti inabandikwa kwenye daftari, na anayekuja kudai anaonyeshwa.

Faida ya meza ni nini basi? Kwa feza tu, si kubwa. Mchana wa kukaa sokoni ni mchana usiolima. Lakini kuna jambo ambalo daftari halionyeshi vizuri. Aliyekaa kwenye meza anajua bei ya leo, anampigia simu jirani wa kijijini, na komisionere akifika huko anakuta watu wanaojua. Anayeuzia komisionere bila kufika sokoni naye anafaidika. Tukiifunga, sauti hiyo inazimika.

Na udhaifu wake? Meza haikopeshi. Inamsaidia mwenye gunia lake mwenyewe, haimsaidii aliyeshauza mpunga wa kijani. Kwa hiyo tukiacha meza peke yake, itakuwa ya wanachama wenye nafuu, na maskini wetu watabaki palepale.

Maoni yetu tunayoleta mbele ya mkutano ni haya. Meza ibaki, lakini kwa siku za soko kubwa tu, kwa zamu ya watu wawili. Sehemu ya kila mauzo iingie katika sanduku la wakati wa kupanda, na sehemu ndogo iwe ya dharura, ikae kwa mwanachama wa kijijini ambaye mlango wake unafunguka usiku. Kwenu wafadhili: hatuombi meza ya pili. Tukipata msaada, uende kwenye depo kavu ya kuwekea mpunga, ili mtu asilazimike kuuzisha juma lilelile la mavuno.

Mwenye maoni mengine aje nayo, tutasikilizana. Na tunaomba kila mwanachama aje mkutanoni na kopo analotumia nyumbani. Mizani itakuwa mezani. Tutapima makopo yote mbele ya watu wote, na la komisionere pia akikubali kuja, ndipo tupige kura.