Baraza za Mji Mkongwe na Maneno Yake

Ulipofanyika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 na kukubaliwa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja iliyokusudiwa ilikuwa na anwani yake: mji wa Zanzibar, na vichochoro vyake vya mawe. Washairi wa Mombasa na Lamu walikuwa na manung'uniko yao, na nadhani hawajamaliza kunung'unika hadi leo. Hayo tuyaache. Ninalotaka kulizungumza ni hali ya nyumba ambamo lahaja ile ilikuwa ikisemwa.

Nyumba ya Mji Mkongwe hujengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo hupima chumba: mkoko haurefuki apendavyo mwashi, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Mvua ikipenya paani, boriti huoza kichwani pale ilipoingia ukutani, na ghorofa nzima hushuka. Baya zaidi ni saruji. Chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji huufungia unyevu ndani, chumvi ikachanua na lipu ikabanduka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalitaifishwa, wenyewe wakaondoka, wakapangishwa watu wengi chumba kwa chumba kwa kodi ndogo isiyoweza kutengeneza hata mfereji wa paa. Hapo ndipo kuta zilipoanza kuanguka.

Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauweka katika Urithi wa Dunia. Jengo la Zahanati ya Zamani lilifufuliwa katika miaka ya tisini, na bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya mwaka 2009. Sanaa nayo ilirudi: tamasha la filamu tangu 1998, Sauti za Busara tangu 2004, ngoma zikirindima ndani ya Ngome Kongwe. Mimi ni mmoja wa waliofurahi. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 lililonusurika mizinga ya Waingereza ya 1896, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Jumba lilihimili vita, likashindwa na maji na muda.

Tusisahau kwamba sanaa ya mji huu haikuzaliwa majumbani peke yake. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akaishi Ng'ambo, kwa watu wa nyumba za udongo na makuti. Alikwenda Bombay mwaka 1928, mwaka ule ule wa mkutano wa Mombasa, akarekodi taarabu kwa Kiswahili. Wakati wakubwa wakijadili maandishi ya lugha, yeye alikuwa amekwisha kuipeleka baharini kwa sauti.

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, niliwapeleka wanafunzi wangu mjini kukusanya majina ya nyumba. Walirudi na daka, kile kibaraza cha mbele ya mlango, zidaka, vishubaka vya ukutani, mfaa, mti wa kati wa mlango wa mbao mbili, roshani, uwani. Waligundua pia kwamba maneno mengine yamehama nyumba. Ukumbi, uliokuwa njia ya kumpokelea mgeni, sasa ni mahali pa harusi na mikutano. Baraza, lile benchi la mawe lililoshikana na ukuta, limekwenda kukaa serikalini.

Na baraza ndiyo iliyoniuma. Ndipo watu walipokaa baada ya alasiri, kahawa ikipita, mmoja akitupa beti na mwenziwe akijibu papo hapo. Malumbano hayahitaji jukwaa. Yanahitaji jirani atakayerudi kesho na jibu. Mwaka juzi nilirudi katika nyumba moja tuliyoipima na wanafunzi. Imepakwa chokaa safi, mlango umeng'arishwa, sasa ni hoteli. Nikaketi barazani kupumzika miguu. Kijana wa mlangoni akaja kwa adabu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, hapa wanakaa wageni."

Sikumlaumu, alitumwa. Nilimwuliza tu kama ajua pale alipoegemea panaitwaje. Akatazama ule mti wa kati wa mlango, akaupapasa. Akasema yeye anatoka Fuoni, anakuja asubuhi kwa daladala, hajawahi kulisikia jina lake. Nikamwambia: mfaa. Akalirudia mara mbili, kisha akaitwa ndani kubeba mizigo.