Shambhala: Nchi njema iliyogombewa na wakubwa

Pepo, kwa tulivyozoea kulitumia neno hili, ni mahali pa baada ya kifo. Mja hufa kwanza, ndipo aingie. Wabuddha wa Mongolia wana nchi njema ya aina nyingine iitwayo Shambhala. Hiyo, kwa mujibu wa imani yao, ipo papa hapa duniani, upande wa kaskazini, ikiwa imezingirwa na milima ya theluji. Msomaji asighurike na sauti ya jina: Shambhala ni neno la Kisanskriti, wala halina udugu wowote na 'shamba'. Ninalotaka tulitazame leo ni hilo suala la mahali. Nchi njema ikiwekwa duniani badala ya ahera, mambo hubadilika.

Chimbuko la Shambhala ni mafundisho ya Kalachakra, yaani 'gurudumu la wakati', yaliyoenea India na kuingia Tibet katika karne ya 11. Yanasimulia juu ya wafalme wanaorithiana katika nchi hiyo. Zamu ya mfalme wa 25 itakapofika, atatoka na jeshi lake, awashinde maadui wa dini na kufungua zama za neema.

Wamongolia walishikamana zaidi na Ubuddha wa Tibet baada ya 1578, mwaka ambao Altan Khan alikutana na mtawa Sonam Gyatso na kumtunukia cheo cha Dalai Lama. Hebu tulipasue jina hilo. 'Dalai' ni neno la Kimongolia lenye maana ya bahari, na ndiyo maana ya 'gyatso' katika Kitibeti. Kumbe cheo ambacho dunia nzima hukihusisha na Tibet kilitoka kinywani mwa Wamongolia! Ndoa ya lugha hizi mbili ilikuwa imefungwa, na kupitia kwayo hadithi ya Shambhala ikapata masikio mapya.

Mnamo 1775, Panchen Lama Palden Yeshe aliandika kitabu cha kuelekeza njia ya kwenda Shambhala. Lakini si safari ya miguu tu. Msafiri anahitaji ibada na moyo uliotakasika. Kwa watawa, basi, njia ilikuwa ndefu na ya ndani. Kwa wanasiasa ilikuwa fupi mno.

Mchukulie Agvan Dorzhiev, lama wa Kiburyati kutoka Siberia aliyekuwa mmoja wa walimu wa Dalai Lama wa 13. Ekai Kawaguchi, mtawa wa Kijapani aliyeishi Tibet mwanzoni mwa karne ya 20, anaeleza kuwa Dorzhiev aliwaaminisha Watibeti kwamba Shambhala ya kaskazini si nyingine ila Urusi, na mfalme wake ni Tsar. Hoja ilikaa sawa kwa sababu Urusi kweli iko kaskazini!

Tsar akaanguka, lakini hadithi haikuanguka naye. Mapinduzi ya Mongolia yalipotokea 1921, wasafiri wa wakati huo walisimulia kuwa askari wake waliimba juu ya vita vya Shambhala. Mwaka 1924 mji mkuu ukaitwa Ulaanbaatar, yaani 'shujaa mwekundu'. Miaka michache baadaye mchoraji Mrusi Nicholas Roerich alifika huko na kuikabidhi serikali mchoro wa mfalme wa Shambhala akiwa juu ya farasi. Wekundu nao walikuwa wameketishwa kwenye kiti kilekile cha Tsar.

Halafu ikaja 1937. Serikali hiyohiyo ya mapinduzi, kwa shinikizo la Moscow, iliwaua malama kwa maelfu na kubomoa mamia ya nyumba za watawa. Upande wa Urusi, Dorzhiev alikamatwa mwaka uo huo, akafia kizuizini Januari 1938. Ile nchi aliyoiita Shambhala ndiyo iliyomla.

Wakalmyki, Wabuddha wenye asili ya Kimongolia wanaoishi karibu na mto Volga, wana nchi yao pia: Bumba, inayosifiwa katika utenzi wa Jangar. Huko hakuna kifo wala kipupwe, na watu husalia na umri wa miaka 25 daima. Mwaka 1908 malenga Eelian Ovla alizighani nyimbo za utenzi huo zikanakiliwa. Mwaka 1940 wakubwa wa Kisovieti waliuandalia sherehe za miaka 500. Desemba 1943 wakubwa haohao waliwapakia Wakalmyki zaidi ya 90,000 kwenye mabehewa ya treni na kuwatupa Siberia, kwenye kipupwe chenyewe. Hawakuruhusiwa kurudi hadi 1957.

Tunajifunza nini? Si kwamba hadithi hizi ni upuuzi. Jangar mwenyewe, kwa mujibu wa utenzi, aliachwa yatima akiwa na miaka 2. Nchi isiyo na kifo inatawaliwa na mtu aliyeonja kifo mapema. Nchi njema huwazwa na walioumia, ili wawe na kipimo cha kuipimia nchi waliyo nayo. Hatari huanza pale mtawala anapodai kuwa tumekwisha kufika. Tangu hapo kipimo hugeuka kuwa hatimiliki, na anayesema bado anahisi baridi huonekana adui.