Kikulacho ki Nguoni: Maambukizi Baada ya Upandikizaji wa Uboho, 1957–1991

Historia ya upandikizaji wa uboho husimuliwa kwa kawaida kama historia ya ushindi dhidi ya saratani ya damu. Makala haya yanaitazama kwa upande wa pili, yaani upande wa maambukizi yaliyowaua wagonjwa ambao saratani yao ilikwisha kutulizwa.

Mwaka 1957, E. Donnall Thomas na wenzake nchini Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa 6 waliotiliwa uboho wa watu wengine. Hakuna aliyevuka siku 100. Mwaka 1963, nchini Ufaransa, Georges Mathé alieleza habari za mgonjwa wa saratani ya damu ambaye uboho aliopewa na jamaa zake ulishika. Mgonjwa huyo aliishi takriban miezi 20, kisha akafa kwa virusi vya tetekuwanga vilivyoshambulia ubongo, ilhali saratani haikuonekana tena. Maradhi ambayo watoto wengi huyapata na kupona ndiyo yaliyomwangusha.

Sababu yake inaeleweka. Mionzi na dawa zinazoteketeza uboho wa zamani huteketeza pia kinga ya mwili. Katika wiki za mwanzo, hatari hutoka kwa bakteria wa utumbo na kuvu wa vumbini, ambao mtu mwenye afya huwavuta pumzini kila siku bila kudhurika. Baadaye huamka virusi vilivyolala mwilini tangu utotoni. Katika miaka ya 1970, nimonia ya sitomegalovirusi ilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wagonjwa hao.

Vyumba vyenye hewa iliyochujwa vilizuia kuvu wa nje, lakini havikuweza kumzuia adui aliyekwisha kuwamo. Mageuzi yalikuja pale madaktari walipoanza kumsaka adui huyo kabla hajaamka. Mwaka 1991, watafiti wa Seattle walionyesha kwamba dawa ya ganciclovir, ikitolewa mara virusi vinapogunduliwa na kabla ya mgonjwa kuugua, huokoa maisha.

Fundisho hilo lina uzito wa pekee katika nchi za joto. Mnyoo wa strongiloidi, uingiao kwa nyayo zilizokanyaga udongo, huweza kukaa mwilini kwa miongo kadhaa bila dalili, kisha ukaenea mwili mzima kinga inapodhoofishwa. Kwa hiyo, mahali alipoishi mgonjwa na maradhi aliyowahi kuugua ni sehemu ya tiba yenyewe, na hayana budi kuulizwa kabla uboho wake haujaguswa.